Shajara ya mradi: nanobodi yenye rangi moja kwa hadubini ya upambanuzi wa juu, Kampala 2025

Hii ni kumbukumbu ya kazi ya benchi, na inaongezwa kila hatua inapokamilika. Tunatengeneza kibandiko kidogo cha protini, yaani nanobodi yenye rangi, kwa ajili ya hadubini ya dSTORM, kwa vifaa vya maabara ya kawaida: friji, friza ya nyuzi −20, kitikisio kisichopoza, sentrifuji ya mezani na spektrofotometa. Anayetaka kuiga achukue vipimo jinsi vilivyo. Hatua zilizokwenda sawa tumezifupisha. Zilizotuangusha ndizo zenye maneno mengi.

## 10 Februari 2025: ukubwa wa kibandiko

Tangu Ernst Abbe aandike mwaka 1873, inajulikana kwamba lenzi haitenganishi nukta mbili zikikaribiana kupita kiasi fulani: urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa mara mbili ya NA (kipimo cha upana wa mwanga ambao lenzi inaukusanya). Kwa mwanga mwekundu wa nm 670 na lenzi ya NA 1.49, kiasi hicho ni nm 225. dSTORM inaukwepa mpaka huu kwa kuzima karibu molekuli zote za rangi na kuziacha ziwake chache chache. Kila inayowaka peke yake hutafutiwa kitovu, nacho hupatikana kwa kosa la nm 10 hivi. Picha elfu kadhaa zikikusanywa, vitovu vyote vinajenga umbo.

Shida ni kwamba kinachoonekana ni rangi, si protini. Njia iliyozoeleka ni antibodi mbili, ya kwanza inashika protini na ya pili, yenye rangi, inashika ya kwanza. Kila moja ina kDa 150 (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli) na urefu wa nm 10 hadi 15. Ndiyo maana mikrotubuli, mrija mwembamba wa ndani ya seli ambao upana wake halisi ni nm 25, hutoka kwenye picha na upana wa karibu nm 60. Hadubini haijakosea chochote hapo. Imepima kwa uaminifu mahali rangi ilipo, na rangi iko mbali na protini yenyewe.

Vibandiko vidogo tulivyofikiria ni vitatu. SNAP ina kDa 20 na Halo ina kDa 33. Zote mbili huunganishwa kijeni na protini, kisha hujifunga zenyewe na rangi. Nanobodi ina kDa 14 hadi 15, na ukubwa wake ni kama nm 2 kwa nm 4. Hii ni kipande cha antibodi za ngamia, zile zisizo na mnyororo mwepesi, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Ubelgiji mwaka 1993. (Ngamia wa Karamoja nao wanazo; ila hapa jeni tu inatosha, hakuna atakayekwenda Moroto kutoa damu.)

Tumechagua nanobodi inayokamata GFP (protini inayong'aa kijani), kwa sababu ukishaitengeneza mara moja inatumika kwa kila protini iliyounganishwa na GFP. Hatununui iliyokwisha tiwa rangi. Tunaikuza wenyewe ndani ya bakteria, ikiwa na sisteini (amino asidi yenye salfa) moja ya ziada mkiani, na rangi tunaifunga kwenye sisteini hiyo tu. Nanobodi moja, rangi moja, mahali panapojulikana.

Seli zetu ni tripanosoma, vimelea vya seli moja, *Trypanosoma brucei brucei*, aina ya EATRO 1125 iliyotolewa kwa pongo hapa Uganda mwaka 1966. Tunatumia umbo lake la tumboni mwa mbung'o. Haiambukizi binadamu, na inakua kwa nyuzi 27 kwenye chupa iliyofungwa bila hewa ya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo hatuhitaji inkubeta ya gesi. Kimiminika ni SDM-79 chenye hemini na seramu ya asilimia 10.

Protini tunayoipima ni DNAI1, iliyo kwenye mikono ya nje ya daineini (protini ya mwendo) katika aksonemu ya mjeledi, mkia wa kuogelea wa seli. Aksonemu ni bomba lenye kipenyo cha nm 200 hivi. Bomba likitazamwa kutoka juu, kingo zake mbili huonekana kama mistari miwili sambamba. Kwa hadubini ya kawaida mistari hiyo inaungana kuwa mmoja, kwa sababu nm 200 iko chini ya mpaka. Kipimo chetu cha mafanikio basi ni rahisi: mistari miwili, umbali kati yake, na wembamba wa kila mmoja.

## 3 Machi 2025: kukuza nanobodi

Mara ya kwanza tulitumia bakteria aina ya BL21(DE3) kwa nyuzi 37, IPTG (kemikali ya kuamsha jeni) mM 1, saa nne. Protini ilitoka nyingi, lakini yote ilikuwa kwenye mashapo baada ya kuzungusha. Nanobodi ina daraja moja la salfa katikati ya mwili wake, na ndani ya bakteria wa kawaida daraja hilo halifungiki vizuri. Protini isiyokunjika sawasawa inagandamana. Joto na kasi vinaongeza ubaya.

Tulihamia SHuffle T7, bakteria waliotengenezwa ili madaraja ya salfa yafungike ndani yao. Tuliwakuza kwa nyuzi 30 hadi OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ya 0.7, IPTG mM 0.2, kisha usiku kucha kwa nyuzi 20. Kitikisio chetu hakipozi, hivyo kiliwekwa kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi. Lita moja ilitoa miligramu 6 za nanobodi iliyoyeyuka.

Mara ya tatu umeme ulikatika saa nane usiku na kurudi alfajiri. Mavuno: miligramu 2.5. Tulidhani ni joto, lakini thermomita ya chumba ilionyesha kilele cha nyuzi 24 tu. Kilichoumiza ni kitikisio kusimama: bakteria wazito kiasi kile bila kutikiswa wanaishiwa oksijeni kwa dakika chache. Tangu hapo inveta na betri vimefungwa kwenye kitikisio peke yake. Kiyoyozi kikizimika tunakiacha. Jenereta tunaiwasha kwa friza tu.

Kuvunja na kusafisha: Tris mM 50 pH 7.5, NaCl mM 300, imidazoli mM 20, lisozaimu, sonikesheni sekunde 10 kwa 20 juu ya barafu, kolamu ya nikeli, kutolea kwa imidazoli mM 300. Barafu tunanunua kwa wauza samaki wa Ggaba na kuibeba kwenye boksi lao la maboya. Inanuka, ila mirija imefungwa na bei yake haina mpinzani.

## 24 Machi 2025: protini iliyomwagwa kwenye sinki

Kosa la kijinga lenye gharama kubwa. Ili kukoleza nanobodi tulitumia chujio la kuzungushwa lililokuwa kwenye droo, la kDa 30. Baada ya dakika 15 juu ya chujio palibaki µl 300, na kipimo cha A280 (mwanga wa nm 280 unaomezwa na protini) kilikuwa karibu sifuri. Nanobodi yenye kDa 15 hupenya chujio la kDa 30 kama maji kwenye kapu. Maji ya chini yalikuwa yamekwisha mwagwa.

Marekebisho ni mawili. Chujio liwe la kDa 3 au 10 (la 10 linavujisha kidogo, sisi sasa tunatumia la 3 na kuvumilia kwamba linachukua saa nzima). Na chochote kilichopita chini ya chujio au kolamu kinaandikwa jina na kukaa kwenye friji mpaka A280 ya juu na ya chini zipimwe na hesabu ikubaliane na ulichoanza nacho.

## 14 Aprili 2025: rangi haikushika

Rangi ni Alexa Fluor 647 ya maleimaidi (kishikio kinachojifunga na salfa ya sisteini), mg 1. Tuliiyeyusha kwenye DMSO kavu µl 77, ikawa karibu mM 10, tukaigawa µl 5 kwa mirija 15, kila mmoja nmol 50 hivi. Kila mrija unatosha nanobodi nmol 40, yaani mg 0.6 hivi. Ni vizuri kuacha mrija ufikie joto la chumba kabla ya kuufungua. Kwa unyevunyevu wa Kampala, mrija wa nyuzi −20 ukifunguliwa papo hapo unavuta umande ndani, na maleimaidi iliyokutana na maji inaanza kufa.

Sisteini ya mkiani huelekea kujifunga na jirani, kwa hiyo lazima ifunguliwe kwanza. Tulitumia DTT (kemikali inayofungua salfa zilizofungana) mM 10, halafu dayalisisi moja ya mara 100 kuiondoa. Tukatia rangi, saa mbili kwenye barafu, kisha kolamu ya NAP-5.

Kwenye kolamu ndogo kama hii hakuna haja ya mashine kujua kilichotokea. Alexa Fluor 647 inameza mwanga mwekundu, kwa hiyo kwa macho ni buluu. Rangi iliyoshika protini inashuka haraka kama mkanda mwembamba mbele. Rangi huru inaingia kwenye vitundu vya chembe za kolamu na kubaki nyuma. Siku ile mkanda wa mbele ulikuwa kivuli tu, cha rangi ya maji ya kufulia yaliyosuuzwa mara tatu. Wa nyuma ulikuwa buluu ya wino.

Vipimo: A650 (mwanga wa nm 650 unaomezwa na rangi) 0.41, A280 0.20. Hesabu ya rangi kwa kila nanobodi ni hii:

nanobodi = (A280 − 0.03 × A650) ÷ 27,000
rangi = A650 ÷ 239,000

Ile 0.03 ni sehemu ya rangi inayomeza mwanga kwenye nm 280. 239,000 ni nguvu ya rangi ya kumeza mwanga. 27,000 ni ya nanobodi yetu kwa mfuatano wake, kila mtu akokotoe ya kwake. Tulipata µM 6.95 za nanobodi na µM 1.72 za rangi, yaani uwiano wa 0.25. Nanobodi tatu kati ya nne zilikuwa tupu. Tupu hizo si za kupuuzwa: zinashika GFP sawasawa na zenye rangi, zinakalia nafasi, na hazionekani.

Chanzo kilipatikana kwa kalamu na karatasi. DTT mM 10 ukiipunguza mara 100 inabaki µM 100. Kila DTT ina salfa mbili, kwa hiyo µM 200 za salfa zilikuwa zikiisubiri rangi ya µM 100. Nanobodi yenyewe ilikuwa µM 80. DTT ilikula kwanza, na nanobodi ikapata makombo.

Utaratibu unaofanya kazi:

TCEP (kifunguaji kisicho na salfa) mM 15, dakika 10, juu ya barafu. Muda usizidi na joto lisipande: kusudi ni kufungua sisteini ya nje na kuliacha daraja la ndani lilivyo. Kisha kolamu ya NAP-5 moja kwa moja kuingia kwenye fosfeti ya potasiamu mM 100 pH 6.4, NaCl mM 150, EDTA mM 1, sukrosi mM 250, iliyotolewa hewa kwa pampu ya vakyumu nusu saa. Papo hapo, bila kwenda kunywa chai, rangi nmol 50 kwa nanobodi nmol 40. Saa moja na nusu kwenye barafu, gizani. Kolamu nyingine ya NAP-5.

pH ina maana yake. Ikipita 7.5, maleimaidi inaanza kushika laisini (amino asidi nyingine) pia na inaharibiwa na maji haraka zaidi; hapo unapoteza ile faida ya rangi moja mahali pamoja. EDTA inazuia mabaki ya nikeli na metali nyingine kuirudisha sisteini kwenye kufungana.

Awamu ya pili, tarehe 28 Aprili: mkanda wa mbele ulikuwa buluu kabisa. Baada ya kupunguza mara tano, A650 1.30, A280 0.21. Uwiano 0.86. Mrija wa ml 1 una µM 32 za nanobodi.

Kuna watakaouliza kwa nini tusingetumia rangi ya NHS, ambayo ni rahisi zaidi. NHS inashika laisini yoyote, na huwezi kuiambia ishike ipi. Ikishika karibu na mdomo wa nanobodi, nanobodi haing'ati tena. Ukiitumia, basi isiwe kwenye Tris, kwa sababu Tris ina amini inayoimaliza rangi kabla ya protini.

## 19 Mei 2025: kijani si kijani kimoja

Upakaji wa kwanza. Seli zilikaa kwenye kioo cha mm 0.17 kilichopakwa polilaisini, zikavuliwa utando kwa NP-40 ya asilimia 1 kwenye bafa ya PEME (PIPES mM 100 pH 6.9, EGTA mM 2, MgSO4 mM 1, EDTA mM 0.1) dakika 5, zikakazwa kwa PFA ya asilimia 4 dakika 10, BSA (protini ya kuzuia kunata ovyo) ya asilimia 3 nusu saa, nanobodi nM 50 saa moja.

Kijani kiling'aa vizuri kwenye mijeledi. Kwenye nyekundu hapakuwa na kitu. Tulipandisha nanobodi hadi nM 200, tukabadilisha ukazaji, tukapima rangi upya. Wiki mbili zilipotea kwa kuchokonoa mahali pasipouma.

Jibu lilikuwa kwenye daftari la seli. Seli zile zilitiwa mNeonGreen, si eGFP. mNeonGreen inang'aa kijani, inatumika sana kwa tripanosoma, na ndiyo iliyotumika kwenye TrypTag, mradi mkubwa wa kuweka alama protini za tripanosoma. Lakini asili yake ni mnyama wa baharini *Branchiostoma lanceolatum*, wakati GFP na watoto wake eGFP na YFP wametoka kwa kiwavi cha baharini *Aequorea victoria*. Nanobodi ya GFP haitambui mNeonGreen hata kidogo, na haina sababu ya kuitambua.

Tuliunganisha upya DNAI1 na eGFP kwa PCR ya vianzio virefu, tukachagua seli zilizoipokea kwa dawa ya blastisidini µg 10 kwa ml. Siku 12 seli zikawa tayari.

Sasa kila kibandiko kipya kinapita jaribio la nukta tatu kabla ya kugusa seli. Kwenye nitroselulosi weka µl 1 ya kimiminika cha bakteria wenye eGFP, µl 1 ya wenye mNeonGreen, µl 1 ya BSA. Zuia, paka nanobodi nM 50, osha, tazama chini ya leza au kwenye skana ya jeli. Saa mbili, na gharama yake ni ndogo kuliko soda. Nukta moja tu ndiyo inayotakiwa kuwaka.

Baada ya kubadilisha seli mjeledi uliwaka, lakini kioo nacho kiliwaka: vitone kila mahali kati ya seli. Alexa Fluor 647 ina salfoneti, chaji hasi. Polilaisini ina chaji chanya. Vinapendana. Tulipunguza polilaisini hadi mg 0.01 kwa ml kwa dakika 5 na kuosha mara tatu kwa maji, tukaongeza NaCl mM 500 kwenye bafa ya kuoshea nanobodi. Vitone vilipungua hadi kiasi cha kuvumilika.

Tahadhari: chumvi hiyo itumike *baada* ya kukaza. Mikono ya nje ya daineini hung'olewa kwa chumvi ya mM 600, hiyo ni mbinu ya zamani ya kuitoa kwenye aksonemu. Mmoja wetu aliiweka kwenye hatua ya NP-40 kwa nia njema, na mijeledi ikatoka safi kabisa. Haikuwa na vitone, wala haikuwa na DNAI1.

## 16 Juni 2025: rangi inawaka, haizimi

Hadubini: leza ya nm 640, lenzi ya mara 100 NA 1.49, kamera ya CMOS ya viwandani, pikseli nm 108. Tulitarajia kumetameta. Tuliona mjeledi mzima umewaka kwa pamoja, ukafifia taratibu, ukafa. Leza ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye bafa.

Kumetameta kwa Alexa Fluor 647 kunahitaji mambo mawili: oksijeni iondolewe, na thioli (kemikali yenye salfa) iwepo ya kuizima rangi kwa muda. Thioli yetu ni MEA, yaani sisteamini. Ila kinachofanya kazi si thioli yenyewe, ni thioleti, thioli iliyopoteza hidrojeni. pKa yake, yaani pH ambayo nusu imepoteza hidrojeni, ni karibu 8.3. Kwa pH 8.0, theluthi moja ya MEA iko tayari kwa kazi. Kwa pH 6.5 haifiki asilimia 2.

Karatasi ya pH ilisema 6. Tulifuata maelekezo yanayosema mg 77 za MEA kwenye ml 1 ya HCl M 0.25 ili kupata M 1. Maelekezo hayo ni ya MEA tupu, ambayo ni besi na inahitaji asidi. Chupa yetu ni ya MEA hidrokloridi, yenye asidi yake tayari. Kwa hiyo tulikosea mara mbili kwa pigo moja: molekuli ya hidrokloridi ina uzito wa 113.6, hivyo mg 77 ilitupa M 0.68 badala ya M 1. Na HCl ya ziada, ikipunguzwa mara kumi kwenye bafa ya mwisho, ilikuwa mM 25, ambayo ndiyo hasa nusu ya Tris mM 50 iliyokuwa ikilinda pH 8. Bafa ilimezwa yote.

Bafa tunayotumia sasa:

MEA hidrokloridi mg 114 kwa ml 1 ya maji, KOH kidogo kidogo hadi pH 8, igawanywe na kugandishwa. Isikae friza zaidi ya wiki tatu. Unga wenyewe unavuta unyevu. Chupa ikae kwenye boksi lenye silika, na ukikuta umekuwa bonge usiutumie.

Vimeng'enya vya kuondoa oksijeni: glukosi oksidesi mg 14, katalesi ya mg 17 kwa ml µl 50, bafa µl 200. Zungusha, chukua maji ya juu. Inakaa friji wiki mbili.

Siku ya kazi: µl 620 za Tris mM 50 pH 8.0, NaCl mM 10, glukosi asilimia 10. Ongeza MEA µl 70 na vimeng'enya µl 7. Pima pH kwa karatasi, *kila mara*.

Bafa hii inajiua yenyewe. Glukosi oksidesi inatoa asidi ya glukoni, na oksijeni mpya ikizidi kuingia asidi inazidi kutoka. Kwenye kisima kilichoachwa wazi, pH ilishuka chini ya 7 kwa dakika 50. Kisima kikijazwa pomoni na kufunikwa kioo bila kiputo cha hewa, tunapata saa mbili. Mchana wa joto, tunabadilisha baada ya saa moja na nusu bila kubishana.

## 14 Julai 2025: mistari miwili

Picha 20,000, kila moja ms 20, yaani chini ya dakika 7. Uchambuzi kwa ThunderSTORM ndani ya Fiji, programu ya kompyuta ya kuchambua picha. Kuyumba kwa meza kunasahihishwa kwa shanga za nm 100. Tunapiga picha kabla ya saa tatu asubuhi, malori hayajaanza kupita.

Mistari ilitengana mara ya kwanza tarehe 2 Julai, lakini haikuwa mistari. Ilikuwa shanga za tasbihi, nukta, pengo, nukta. Kibandiko kilikuwa kidogo na kizuri, ila hakikutosha kwa wingi.

Hesabu yake: mikono ya nje hujirudia kila nm 24 kwenye kila jozi ya mikrotubuli, kwa hiyo µm 1 ya jozi ina mikono 41 hivi. Tripanosoma ina nakala mbili za jeni, na sisi tuliunganisha eGFP kwenye nakala moja. Nusu ya mikono basi haina GFP: inabaki 20. Zidisha kwa 0.86: karibu 18, wastani wa nm 55 kati ya kimoja na kingine. Ili kusema unatenganisha nm 20 unahitaji kibandiko angalau kila nm 10. Aksonemu ina jozi tisa na kwenye kila kingo zinapandana mbili au tatu, hilo linasaidia. Hata hivyo mapengo yanaonekana.

Tuliunganisha nakala ya pili, safari hii kwa kuchagua na haigromaisini. Seli zinaogelea kawaida, kumaanisha daineini inafanya kazi ikiwa na GFP mgongoni. Mapengo mengi yalijaa.

Vipimo vya mwisho, mijeledi 24 kwa nanobodi na 19 kwa antibodi mbili, seli zilezile, siku moja:

Nanobodi: umbali kati ya vilele nm 185, upana wa kila mstari nm 40.
Antibodi mbili: umbali nm 205, upana nm 65.

Kwa antibodi mistari imesogea nje nm 10 kila upande na kunenepa. Ni kibandiko kile kile cha nm 10 na ushee, kimejipanga nje zaidi kwa sababu ndani ya bomba pamebanana na antibodi haipenyi vizuri. Hata nanobodi haiko juu ya DNAI1 yenyewe: katikati kuna GFP ya nm 4 na kiungio chake, kwa hiyo rangi inaweza kuwa nm 6 au 7 kutoka ilipo protini. Anayetaka chini ya hapo itabidi aingize amino asidi isiyo ya asili kwenye protini na kuifunga rangi hapo hapo, na hiyo ni kazi ya mradi mwingine.

## 11 Agosti 2025: gharama na hifadhi

Kwa shilingi za Uganda, pamoja na usafirishaji na kutoa mizigo:

rangi mg 1: 2,650,000
plazimidi (DNA yenye jeni ya nanobodi) na vianzio: 480,000
kolamu ya nikeli: 390,000
kolamu za NAP-5 na machujio: 310,000
MEA na vimeng'enya: 720,000
vioo: 240,000
barafu na mafuta ya jenereta: 165,000

Jumla 4,955,000. Mirija miwili ya rangi iliharibika, thamani yake kama 350,000: mmoja kwa DTT, mwingine ulifunguliwa ukiwa baridi. Mirija 12 bado iko friza.

Nanobodi ml 1 ya µM 32 inatoa ml 640 za kupakia kwa nM 50, na kioo kimoja kinakula µl 100. Hatutaimaliza. Anayehitaji plazimidi aombe iliyokaushwa kwenye karatasi ya chujio. Inasafiri kwa bahasha na haihitaji barafu. Akiipata, aitoe kwa µl 50 za maji na kuitia kwenye bakteria siku hiyo hiyo.

Hifadhi ilitupa somo moja la nyongeza. Mrija uliogandishwa na kuyeyushwa mara tatu ulibaki na uwiano wa 0.86, lakini vitone kwenye kioo viliongezeka karibu maradufu: nanobodi imeanza kugandamana, na bonge lenye rangi kumi linawaka kama nyota mahali pasipo na protini. Kuzungusha kwa kasi ya 16,000 g dakika 10 kabla ya kupaka kuliondoa sehemu kubwa, si yote. Sasa tunagawa µl 10 kwa kila mrija na gliseroli asilimia 10. Ukishayeyushwa unakaa friji wiki moja, kisha unatupwa.